Alisema Nini Hasa?

Mwaka 2012 nilikuwa mwanagenzi wa ushauri nasaha katika kituo kimoja hapa Mombasa, na kila Jumatano saa kumi alasiri nilipanda ngazi hadi ghorofa ya pili kumwona msimamizi wangu, mama mtu mzima aliyekuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla hajaingia katika kazi hii, ambaye sisi wanagenzi tulimwita Mwalimu. Ripoti zangu nilizichapa kwa Kiingereza, kama chuo kilivyotutaka, na nilizipanga vizuri kiasi kwamba ungedhani wateja wangu wote walikuwa wakizungumza kwa aya. Kwa miezi miwili ya kwanza niliamini kwamba saa ile moja ilikuwa mtihani wa kila wiki, na kwamba mwanagenzi aliyefaulu ni yule ambaye msimamizi wake hakupata la kumuuliza.

Wiki ya tisa nilimsomea ripoti ya mzee mmoja mstaafu, ambaye habari zake nimezibadilisha hapa kiasi kwamba hata wanawe hawatamtambua. Nilikuwa nimeandika kwamba mteja halali vizuri, amepoteza hamu ya chakula, anajiona mzigo kwa binti yake, na kwamba anahitaji mapumziko. Kwa hiyo nilipendekeza familia impunguzie kazi ya kuwalea wajukuu. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaniuliza kama hayo mapumziko yalikuwa maneno yangu au ya mzee. Nikamjibu kuwa ni ya mzee. Akasema, "Alisema nini hasa? Niambie kwa Kiswahili, kama alivyotamka mwenyewe." Nikafikiri kidogo, nikasema, "Alisema: mwanangu, mimi nimeshachoka, sasa nataka nipumzike tu."

Nilipoyatamka ndipo nilipoyasikia. Kwetu aliyefariki husemwa amepumzika, na mgonjwa aliyeteseka sana akiondoka majirani hufarijiana kwa neno hilo hilo matangani. Nimelijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimelipokea kutoka kinywani mwa mzee, nikalivusha hadi lugha ya ripoti, na katika kuvuka maana yake moja ilizama bila mimi kugeuka kutazama.

Mwalimu hakunikaripia. Aliniuliza mzee anaishi na nani, kama nilimuuliza waziwazi kuhusu kutaka kufa, na kama nina namba yake ya simu. La kwanza na la tatu nilikuwa na majibu yake. La pili sikuwa nimeliuliza, kwa sababu niliona ni utovu wa adabu kumuuliza mtu wa umri wa babu yangu swali kama lile, na pia kwa sababu niliogopa, kama wengi wanavyoogopa, kwamba kulitaja jambo ni kuliita. Alinieleza kwamba kumuuliza mtu moja kwa moja hakumwingizii wazo ambalo hakuwa nalo, na kwamba mara nyingi humpa nafuu ya kusema alichokificha. Kisha tukalifanyia mazoezi swali lenyewe, yeye akiigiza mzee na mimi nikiwa mimi, mara nne nzima, mpaka likanitoka bila kutetemeka na bila kumvunjia heshima: "Baba, unaposema unataka kupumzika, unamaanisha unataka kufa?" Alipoona limekaa sawa, akanisogezea simu ya mezani.

Mzee alikaa kimya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, kisha akasema ndiyo, na kwamba tangu amzike mkewe hakuna aliyemuuliza hivyo. Asubuhi iliyofuata alikuja na binti yake, kwa ridhaa yake mwenyewe, akaonwa na daktari, na mimi nikaendelea kukutana naye kwa miezi minane, nikiwa na Mwalimu nyuma yangu kila Jumatano. Binti alikuwa na hofu moja iliyonishangaza wakati ule: aliogopa kwamba tukiandika neno "kujiua" kwenye karatasi yoyote, polisi wangemchukua baba yake. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na kilibaki hivyo hadi tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume cha katiba. Kwa hiyo mteja wa Kenya aliyezungumza kwa mafumbo alikuwa na sababu zaidi ya haya na imani ya dini. Kifungu sasa kimeanguka, lakini mafumbo bado ninayasikia kila mwezi.

Leo mimi ndiye ninayekaa upande ule wa meza, na wanagenzi wangu, kama mimi zamani, huja kwanza na ripoti zilizonyooka. Nadhani jina lenyewe la kazi hii linachangia. Msimamizi, katika Kiswahili cha kila siku, ni mtu anayezunguka katika chumba cha mtihani akitazama nani anachungulia karatasi ya mwenzake, au ni yule wa mjengo anayehesabu mifuko ya saruji jioni, au ni wa mirathi. Wote hao kazi yao ni kuzuia wizi. Sina neno bora la kupendekeza, na "usimamizi wa kitaalamu" ndilo lililozoeleka, lakini katika kikao cha kwanza na kila mwanagenzi mpya huwa natumia dakika kumi kulivua neno hilo nguo zake za mjengoni kabla hatujazungumzia mteja yeyote.

Ninachomwambia ni hiki. Mwingereza Brigid Proctor, katika andiko lake la mwaka 1986, aliigawa kazi ya usimamizi katika majukumu matatu: kumjenga mwanagenzi katika ujuzi, kulinda maadili ya kazi pamoja na usalama wa mteja, na kumrudishia mwanagenzi nguvu ambazo kazi yenyewe humnyonya. Kenya tulilifahamu vizuri jukumu la tatu kabla wengi wetu hatujalisoma popote. Vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari wa virusi vya Ukimwi vilipoanza kuenea nchini kuanzia mwaka 2001, watu waliopewa mafunzo mafupi walijikuta wakitoa majibu ya vipimo kutwa nzima, mume kisha mke, mama kisha mtoto, katika miaka ambayo dawa za kupunguza makali bado hazikuwa zinawafikia wengi. Mwalimu alikuwa mmoja wao. Alinisimulia kwamba mikutano yao ya usimamizi ya kila mwezi, ambayo kwenye karatasi ilikuwa ya kukagua kazi, mara nyingi ilianza na mtu mmoja kulia na wengine kumsubiri, na kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa mshauri asiye na mahali pa kuitua siku yake huanza, bila kujijua, kumharakisha mteja wa mwisho ili asimfikie.

Majukumu hayo matatu, hata hivyo, yakiandikwa kwenye ubao huonekana yanapatana, na ukweli ni kwamba yanagombana. Anayenitaka nimweleze udhaifu wangu ndiye huyo huyo anayeweka sahihi kwenye fomu ya saa zangu za mazoezi ya kazi, na sahihi hiyo ndiyo chuo kinachoitazama kabla ya kuniruhusu kuhitimu. Tangu Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ilipoweka msingi wa kusajiliwa na bodi, uzito wa makaratasi umeongezeka, na sina ugomvi na hilo, kwa maana kabla yake mtu yeyote mwenye kiti na pazia aliweza kujiita mshauri. Lakini mwanagenzi si mjinga. Anapima. Mambo anayoyaleta kwangu ni yale ambayo amekwisha kuhakikisha hayatamdhuru, na yale yanayomkosesha usingizi anabaki nayo: kwamba alisinzia katika kikao, kwamba mteja fulani anamvutia, kwamba alimwombea mteja mwingine dua na kumshika mkono, kwamba hampendi kabisa yule wa saa tano na hufurahi asipofika.

Dawa ya tatizo hili siijui yote, ila nimejifunza kuanza mimi. Katika wiki ya pili au ya tatu humsimulia mwanagenzi kosa langu la "mapumziko", na jingine baya zaidi ambalo sitaliandika hapa. Humweleza pia mapema, tena kwa maandishi yenye sahihi za wote wawili, ni mambo gani nitalazimika kuyapeleka chuoni na yapi yatabaki baina yetu, kwa kuwa ahadi ya siri isiyo na mipaka ningeivunja siku ya kwanza mteja au mtoto angekuwa hatarini, na mwanagenzi angekuwa na haki ya kuniita mwongo.

Heshima yetu nayo ina mchango wake. Mwanagenzi wa hapa pwani ananiingilia ofisini kwa shikamoo, hukaa pembeni mwa kiti, na kila nisemalo hulipokea kwa "ndiyo, Mwalimu" yenye upole mwingi. Ukimpa wazo baya atalipokea kwa upole ule ule, atakwenda kulijaribu kwa mteja, litaharibika, naye atarudi kujilaumu mwenyewe. Zamani nilidhani ni unyenyekevu. Siku hizi, nikisikia "ndiyo, Mwalimu" tatu mfululizo, nasimamisha mazungumzo na kumwomba anitajie jambo moja katika niliyosema ambalo haliwezi kufanya kazi kwa mteja wake. Wa kwanza niliyemwomba hivyo alinitazama kama niliyemwomba anitukane. Ilibidi nimhakikishie kwamba yeye amekaa na mteja yule saa sita na mimi sijawahi kumwona hata kivuli, kwa hiyo baadhi ya mambo lazima ayajue kunizidi.

Kuhusu kutomwona mteja: msimamizi hufanya kazi kwa kusimuliwa, na masimulizi huchuja. Ndiyo maana mapema katika miaka ya 1940 mwanasaikolojia Carl Rogers, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio huko Marekani, aliwarekodi wateja kwenye sahani za santuri zilizojaa baada ya dakika chache tu na kulazimu kubadilishwa, na mwaka 1942 akachapisha mazungumzo ya mteja mmoja kikao baada ya kikao, neno kwa neno. Sisi tuna simu, na simu hunasa saa nzima bila kubadilisha sahani. Tatizo letu ni jingine: mteja wa mji huu amewahi kusikia sauti za watu zikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na hata umweleze Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kifungu baada ya kifungu, macho yake yatabaki kwenye ile simu. Mimi husisitiza ridhaa ya maandishi, kifaa kisichounganishwa na mtandao, na kufutwa kwa sauti mara tu tunapomaliza kuisikiliza. Mteja akikataa, tunaacha, na hakuna mwanagenzi wangu anayepunguziwa alama kwa hilo.

Tunapokuwa na sauti, nafuata utaratibu ambao Norman Kagan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliuanzisha katika miaka ya 1960: anayeishika rimoti ni mwanagenzi. Yeye ndiye anayesimamisha pale anapokumbuka kwamba moyo ulimruka au mawazo yalihama, na kazi yangu ni kuuliza maswali machache tu. Ulikuwa unahisi nini hapo? Ulitaka kusema nini ukameza? Ulidhani yeye anakuonaje? Msimamizi asiyejizuia ataishika rimoti mwenyewe, asimamishe kwenye kila kosa, na baada ya nusu saa mwanagenzi atakuwa amejifunza jambo moja tu, nalo ni kutorekodi tena.

Kuna mambo ambayo sauti haiyaonyeshi na ambayo hujitokeza kwenye chumba chetu badala ya cha mteja. Mwaka 1955 mtaalamu wa Marekani Harold Searles aliandika kwamba yanayotokea kati ya mteja na anayemhudumia hujirudia kati ya huyo mhudumu na msimamizi wake, kama taswira kwenye kioo. Niliposoma hayo chuoni niliona ni mambo ya vitabuni. Kisha nikampata mwanagenzi mmoja, kijana mchangamfu na mwenye mpangilio, ambaye ghafla alianza kunijia akizungumza bila kituo, akiruka kutoka jambo hili hadi lile, dakika hamsini mfululizo, huku mimi nikitazama saa na kujiona sina faida yoyote. Ilikuwa wiki ya tatu ya hali hiyo nilipomuuliza, "Mwanangu, huyu mteja wako mpya anazungumzaje?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. Mteja wake alikuwa mama ambaye hakumpa nafasi ya kuingiza hata neno, naye alikuwa akitoka katika kila kikao akijiona hana faida yoyote. Hakuwa amepata maneno ya kuniambia hivyo. Alikuwa ameniletea hali yenyewe niionje. Tulipoitaja tu, kikao chetu kilitulia, na wiki iliyofuata alimweleza yule mama kwa upole kwamba anapata shida kumfikia nyuma ya maneno mengi.

Hapo pana mpaka ambao ni rahisi kuuvuka. Ikiwa mteja anamgusa mwanagenzi mahali penye kidonda, je, nimtibu kidonda? Swali hili ni la zamani kama usimamizi wenyewe. Katika kliniki ya uchambuzi nafsi, tiba ya mazungumzo ya Freud ambayo mwanafunzi wake naye hupitishwa, iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920, ambako Max Eitingon na wenzake walijenga utaratibu wa mwanafunzi kuwahudumia wagonjwa chini ya jicho la mkongwe, jawabu lilikuwa kwamba anayemchambua mwanafunzi na anayesimamia kazi yake wawe watu wawili tofauti, ilhali wenzao wa Budapest waliona mtu mmoja anaweza kuyafanya yote, angalau kwa mgonjwa wa kwanza. Mimi niko upande wa Berlin. Mwanagenzi aliyefiwa na baba yake mwezi uliopita na sasa anamkwepa mteja mwenye msiba, nitamuuliza huzuni yake inaingiaje katika kikao, na tutaamua pamoja kama amkabidhi mteja huyo kwa mwenzake kwa muda. Lakini kilio chenyewe kina mahali pake na mtu wake, na mtu huyo asiwe mimi ninayemwekea sahihi. Nakiri kwamba nimewahi kuuvuka mpaka huu kwa huruma, na kwamba kwa miezi kadhaa baadaye mwanagenzi yule hakuweza tena kunionyesha kazi yake dhaifu, maana nilikuwa nimekwisha kuwa mama yake.

Mji wetu nao ni mdogo kuliko ramani yake. Chuoni tulifundishwa kwamba ukiondoa jina la mteja umelinda siri. Jaribu kusema mbele ya wanagenzi wanne, katika usimamizi wa kikundi, kwamba una mteja ambaye ni mke wa pili wa nahodha anayeishi Kibokoni, uone kama hakuna atakayeinamisha kichwa kwa sababu amekwisha kumjua. Iliwahi kutokea kwamba mwanagenzi akianza tu kusimulia, mwenzake akainuka na kuomba atoke nje, kwani aliyekuwa akisimuliwa ni shemeji yake. Nilimshukuru mbele ya wote. Tangu hapo tuna kanuni kwamba anayeleta kesi kikundini hubadilisha kazi, mtaa na idadi ya watoto, na asipoweza kuibadilisha bila kuiharibu maana, huileta kwangu peke yake. Na pale mteja anapokuwa jamaa yangu mimi, jambo lililotokea mara mbili, tuna msimamizi wa pili aliyekubaliwa tangu mwanzo.

Wateja wetu nao wanalo neno lao kuhusu sisi, nalo ni "nasaha". Mtu anayekuja kutafuta nasaha anatarajia kuambiwa la kufanya. Pwani tuna somo, mwanamke anayemfunda bibi harusi, akamfundisha mambo ya unyumba na kubaki mtunza siri wake pengine maisha yote, na somo hasiti: husema fanya hivi, acha vile. Mwanagenzi anatoka chuoni akiwa amekanywa asitoe ushauri hata kidogo, anakutana na mama aliyepanda matatu mbili kufuata nasaha, na wote wawili wanaondoka wakiwa wameaibika. Sikubaliani na walimu wanaomwacha mwanagenzi ajitoe mwenyewe katika mtego huo. Kikaoni kwetu tunafanya igizo la jambo hili zaidi ya lingine lolote: namna ya kumpokea mtu kwa heshima ya somo, kumweleza kazi yetu inavyokwenda, na kumpa habari anazostahili kupewa, kwa mfano kuhusu dawa, sheria au mahali pa usalama, bila kumwamulia ndoa yake. Ni kazi ngumu kwa lugha, kwa kuwa hata sentensi ya kitabuni "wewe mwenyewe unaonaje?" ikisemwa vibaya kwa Kiswahili husikika kama kejeli. Imetuchukua vikao vingi kupata mahali pa kuiweka na sauti ya kuisema.

Kuhusu fedha nitasema machache yenye uchungu. Mwanagenzi amelipa karo, analipa nauli ya kwenda kuwahudumia wateja bila malipo, kisha anatakiwa amlipe msimamizi. Baadhi ya vituo humpokea kwa furaha na kumweka mapokezi apokee simu na kupanga mafaili, wateja akawaona wachache mno, na mwisho wa muhula saa zinajazwa kwa kalamu. Nimewahi kuletewa fomu ya saa mia moja na kijana ambaye hatujawahi kukaa pamoja hata dakika moja, akaniomba niweke sahihi kwa vile mwaka ulikuwa unaisha. Nilikataa, naye alipata sahihi kwingine kabla ya jua kutua. Sikumchukia, alikuwa amenaswa katika jambo lililopangwa na wakubwa wake. Lakini kila nikiona bango jipya la mshauri mtaani huwa najiuliza ni nani aliyemsikiliza huyu akizungumzia kazi yake, na kwa saa ngapi za kweli.

Nami nina msimamizi hadi leo. Wengine hushangaa, wakidhani ukishahitimu unamalizana na jambo hili kama unavyomalizana na sare ya shule. Chama cha washauri cha Uingereza huwataka wanachama wake wenye ithibati wanaohudumia watu wawe na angalau saa moja na nusu ya usimamizi kila mwezi, hata wawe wamefanya kazi hii miaka thelathini, na mimi nimejiwekea kiwango hicho hicho kwa hiari. Mwalimu wangu alistaafu kabisa, akahamia kwa mwanawe Malindi, lakini nilimtembelea mwaka jana, na baada ya chai akaniuliza kuhusu wanagenzi wangu. Nilipoanza kumweleza kwamba mmoja wao ana tatizo la kujiamini, akanikatiza: "Hilo ni neno lako au lake?"

Fomu ninayowapa wanagenzi niliibadilisha miaka mingi iliyopita. Ile ya chuo bado wanaijaza kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, lakini kabla yake kuna ukurasa wa mistari mitupu ambao juu yake pameandikwa "Maneno ya mteja", na hapo haliandikwi neno lolote ambalo mteja hakulitamka, liwe la Kiswahili sanifu, la Kimvita, la Kigiriama au la mtaani. Humo nimekuta moyo uliopoa, kichwa kinachotembea, roho iliyo nje na tumbo linalofikiri. Mengi ya hayo kwa Kiingereza yangegeuka kuwa wasiwasi na sonona, na pengine ndivyo yalivyo, lakini hayakuletwa yakiwa hivyo.

Wiki iliyopita mwanagenzi mpya, msichana wa kutoka bara ambaye Kiswahili chetu cha pwani bado kinamtatiza, alinifungulia ukurasa huo. Ulikuwa na sentensi moja tu. Mteja wake, mvuvi wa makamo ambaye kwa saa nzima alizungumzia bei ya mafuta ya boti, alikuwa amesimama mlangoni akiondoka na kusema, "Moyo wangu umeingia kutu." Akaniuliza maana yake ni nini. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na niliweza kukisia mambo manne. Nikamwambia sijui, na kwamba Alhamisi atakapokuja, amuulize yeye.